Agosti ya Marion

Bwana yangu nimemgombeza mara nyingi, tena kwa sauti, na majirani wetu hapa Langas, Eldoret, wengine wanadhani hatupendani. Wacha wadhani. Oketch ni mtu mzuri. Shida yake ni moja tu: akishashika jambo, hashawishiki. Unaweza kulia, unaweza kununa, unaweza kumnyima chai, yeye atakaa tu pale alipokaa akikuangalia kwa upole, na huo upole ndio unaudhi zaidi. Tabia hiyo ndiyo ilifanya nimpende nikiwa msichana. Mwaka huu nilitamani kuing'oa kwa koleo.

Kazi yake ni kushona maturubai. Ukipita barabara ya kwenda Turbo ukaona lori la mahindi limefunikwa vizuri, huenda ni mkono wake. Na kwa sababu anajua turubai, kanisa letu lilimpa kazi ya kutunza mahema, na kutoka kwa mahema akajikuta ndiye wa kutafuta kiwanja cha makambi. Kanisani ukifanya kitu kimoja vizuri unaongezewa cha pili, hakuna cha asante.

Sisi ni Wasabato. Kama wewe si mmoja wetu, makambi ni hivi: kila Agosti shule zikifungwa, tunafunga nyumba, tunabeba sufuria na mablanketi, tunaenda kulala kwa mahema juma zima. Tunaimba, tunahubiriwa, tunakula githeri mpaka inatushinda. Sabato ya mwisho, wale waliomaliza darasa la ubatizo wanabatizwa. Na ubatizo wetu si wa kunyunyiziwa. Unazamishwa mzima mzima, kichwa na yote. Mtoto aliyelelewa kwetu huingoja siku hiyo kuliko Krismasi.

Sasa, binti yetu Marion ana miaka kumi na minne, ni mtoto wetu wa pekee, na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao hospitalini wanauita sickle cell. Adui yake ni baridi. Akipigwa na baridi au akinyeshewa, damu inakwama kwenye mishipa na maumivu yanaanza, na si maumivu ya kumpa mtu panadol. Ni ya kulia mpaka sauti inaisha. Na tunaishi Eldoret, jameni, mahali ambapo Julai unapika ukiwa umevaa koti. Mto wowote huku kwetu juu, ukitumbukiza mguu unahisi mpaka mfupa. Mtoto kama huyo utamzamisha wapi?

Kulikuwa na mahali pamoja tu. Ukishuka bonde la Kerio, chini kabisa kwenye joto, kuna kambi ya hifadhi ya jamii inayoitwa Kapchemoi. Ina miti mikubwa, ina nyasi, na ina bwawa linalojazwa na chemchemi ya maji moto. Si moto wa kuchemsha yai. Ni vuguvugu la kuogesha mtoto mchanga. Tuliwahi kufanyia makambi huko Marion akiwa mdogo, akacheza ndani ya yale maji mchana kutwa. Mimi nilikaa ukingoni nikingoja maumivu yaje. Hayakuja. Tangu aingie darasa la ubatizo alikuwa anasema neno moja tu: "Mimi nitabatizwa Kapchemoi."

Lakini kila mtu anaipenda Kapchemoi. Watu wa Nairobi wanakuja na magari yenye hema juu ya paa. Kampuni zinaleta wafanyakazi wao kuvuta kamba na kupiga picha. Kuna makanisa, kuna shule, kuna harusi. Nafasi za Agosti zinafunguliwa kwa mtandao tarehe mosi Februari asubuhi, na kabla watu hawajanywa chai ya saa nne, Agosti yote imeisha. Mwaka juzi tulichelewa, tukapiga kambi Kapseret, huku juu kwenye baridi, Marion akabaki nyumbani. Mwaka jana tukachelewa tena, tukarudi Kapseret, naye akakataa kata kata kubaki. Alhamisi tulimtoa ndani ya hema amebebwa. Wenzake walibatizwa yeye akiwa wodini na dripu mkononi, isipokuwa Joyline, rafiki yake, ambaye alikataa kuingia majini bila yeye. Mama yake Joyline hakufurahi, na simlaumu.

Baada ya hapo daktari wa kliniki alituita pembeni. Alisema kifua cha Marion kimeanza kuharibika. Hakusema mengi. Alisema tu, "Yale mambo mtoto anayapenda, msimwekee mbali sana." Oketch alikaa mbele ya cherehani mpaka jioni na hakushona hata mshono mmoja.

Kwa hivyo mwaka huu alijiandaa kama mtu anayeenda mtihani. Kuanzia Desemba alifungua akaunti kwa mtandao wa Kapchemoi, akaweka namba ya siri, akazunguka ploti nzima akitafuta mahali simu inashika vizuri. Aligundua ni karibu na kamba ya nguo, basi akawa anasimama hapo kila jioni akifanya mazoezi. Marion alimsimamia kama mwalimu.

"Sasa Baba, bonyeza wapi?"

"Hapa. Pa kijani."

"Alafu?"

"Alafu naweka idadi ya mahema."

"Baba, umebonyeza Septemba!"

Walikuwa wanacheka mpaka Wamalwa, jirani yetu, anatoka nje kuuliza kuna nini. Nyumba yetu ilikuwa haijasikia kicheko kama hicho muda mrefu. Nilikuwa nasikiliza nikikata sukuma, na moyo wangu ukaanza kuamini. Hilo ndilo linaniuma.

Ni Marion mwenyewe aliyeona. Katikati ya Januari alikuwa amesimama mbele ya ile kalenda ya duka la pembejeo tuliyotundika jikoni. Aliniangalia mimi kwanza, kisha akamwangalia baba yake. Akasema, "Baba, tarehe mosi Februari ni Sabato."

Wueh.

Lazima nieleze hapa. Jua likitua Ijumaa, Oketch anazima simu, na haiwashi mpaka jua litue Jumamosi. Hanunui, hauzi, hapangi mambo ya pesa, hazungumzi habari ya kazi. Tajiri mmoja wa malori alimwambia amshonee turubai siku ya Sabato la sivyo atatafuta fundi mwingine, na alitafuta fundi mwingine. Hayo nilikuwa nayajua nikiolewa. Mimi pia ni Msabato, sikuokotwa. Lakini kuna kushika Sabato, na kuna vile Oketch anavyoishika.

Alimpigia simu msimamizi wa Kapchemoi, mama mmoja anayeitwa Jebet. Aliweka sauti ya nje, tukasikia sote.

"Mama Jebet, naomba unifungulie Ijumaa. Dakika kidogo tu, kabla jua halijatua."

"Mzee Oketch, nikikufungulia wewe, nitafungulia wangapi? Hii ni mali ya jamii. Wazee wa kamati watanila mbichi."

"Kuna mtoto mgonjwa."

"Pole sana, Mzee. Lakini mtu akitaka nafasi Agosti huniambia kuna mtoto mgonjwa." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwambie mtu mwingine akubonyezee. Si lazima uwe wewe."

Na mtu alikuwepo! Wamalwa ni Mkatoliki, karani kwa ghala la mahindi, na simu hajui kuiweka chini. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti chetu, akasema, "Mzee Oketch, nipe hiyo namba ya siri. Wewe nenda kanisani uimbe. Mimi hiyo Sabato hainihusu. Ni kubonyeza tu."

Oketch akatikisa kichwa. "Amri ya nne haisemi mimi peke yangu nipumzike. Inasema na mfanyakazi wangu, na mgeni aliye kwangu. Nikikutuma wewe, ni mimi nimefanya."

"Mimi si mfanyakazi wako, bwana. Ni jirani."

"Ni hivyo hivyo."

Wamalwa aliniangalia kama mtu anayeomba msaada. Nikalipuka. Nilimwambia, "Baba Marion, kwani ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, si mnamtoa?"

"Tunamtoa."

"Basi mtoe mtoto wako!"

"Marion hayuko shimoni, Mama Marion. Tunatafuta kiwanja." Alisema polepole, bila hasira. "Huyu mtoto anataka kubatizwa kwa Mungu huyo huyo aliyeiweka hiyo siku. Nianze na kuivunja? Itakuwa ubatizo wa aina gani?"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Marion alikuwa kwenye kochi, amefunga miguu na leso, anasikia yote. Alisema tu, "Mathe, acha. Mungu anajua kubonyeza." Sikujua kama anamtetea baba yake au anamcheka. Namba ya siri ilikuwa kichwani mwa Oketch, na hicho kichwa nimeshakueleza kilivyo.

Ile Sabato ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuona. Tulikwenda kanisani. Oketch ni mzee wa kanisa, akaongoza maombi, akaomba kwa ajili ya Agosti mpaka jasho likamtoka. Mimi nilikuwa nawaza watu huko Nairobi na Nakuru wamekaa kwa viti vyao wanabonyeza. Tuliporudi, Marion alikaa nje kwenye kigoda akiangalia jua. Hata chakula alikula pale. Jua lilipozama nyuma ya paa la mwisho, Oketch aliomba ya kufunga Sabato, tena hakufupisha, kisha akawasha simu na kwenda kwenye kamba ya nguo.

Alibonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena. Marion alikuwa anachungulia simu kutoka chini ya kwapa la baba yake.

"Imejaa," Marion akasema.

"Ngoja nijaribu juma la kwanza."

"Baba, imejaa yote. Ona, yote ni nyekundu."

Aliingia ndani, akajifunika blanketi mpaka kichwani. Oketch alibaki pale nje akibonyeza. Nilimwona kwa dirisha, mwanga wa simu usoni, midomo inacheza. Nilikuwa na hasira mpaka nikaogopa mdomo wangu mwenyewe.

Kuanzia hapo bwana yangu akawa mtu wa kuhangaika. Alikuwa anampigia Jebet kila Jumatatu kuuliza kama kuna mtu ameghairi. Jebet akaacha kushika simu, kwa hivyo akashuka bondeni mwenyewe. Alirudi amejaa vumbi, akanieleza. Jebet alimpa uji, akamkalisha, akamwonyesha kwamba juma lile la Agosti limechukuliwa na kampuni moja inayoleta wafanyakazi wake, na nyuma yao kuna foleni ya wanaongoja. Oketch akamwambia atawashonea mahema yao yote bure. Akamwambia aruhusiwe bwawa tu, saa moja tu, Sabato alasiri. Jebet akasema kampuni imelipia bwawa pamoja na kambi, na mwaka uliopita waligombana na kikundi kingine kwa ajili ya bwawa hilo hilo mpaka ikawa kesi.

"Alilia," Oketch akaniambia.

"Nani? Jebet?"

"Jebet. Mimi nililia njiani."

Ndiyo mara ya kwanza nilimhurumia tangu Februari. Nilimwekea maji ya kuoga.

Halafu baraza la kanisa likaketi. Mshiriki mmoja alikuwa na shamba Kesses, tambarare, kuna kijito karibu, na wenye vyumba vya wanafunzi wa chuo walikubali kutupa vyumba vichache kwa sababu wanafunzi wengi wangekuwa likizo. Ilikuwa hiyo au hakuna makambi. Oketch aliinua mkono akaipigia kura Kesses. Baridi ya Kesses, haki ya Mungu, unaweza kuikata kwa kisu.

Mimi nilikwenda kwa Mchungaji Joash. Ni kijana, ana moyo mzuri. Nikamwambia, "Mchungaji, tuna tanki la maji nyuma ya kanisa. Nitachemsha maji mimi mwenyewe. Mbatize mtoto wangu humo, siku yoyote unayotaka, hata Jumatatu." Akakubali papo hapo. Alisema maji ni maji. Nilirudi nyumbani nikikimbia nikijua nimepata dawa.

Marion alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Lile tanki liko kando ya choo."

"Tutalisogeza."

"Mathe, mimi si chapati ya jana, mnipashe moto." Nikacheka, lakini yeye hakucheka. "Kila kitu changu ni cha kando. Darasani kiti changu ni cha kando, karibu na mlango, ndio nibebwe haraka. Michezo nakaa kando. Hata huu ubatizo mnataka kunipeleka kando, kwa tanki, mkiwa wawili na mchungaji. Mimi nataka kuingia na Joyline na wengine, watu wakiimba. Siku moja tu nisiwe mgonjwa."

"Basi tungoje mwaka ujao. Baba yako atashika Kapchemoi. Februari inayokuja tarehe mosi ni Jumapili, nimeangalia."

Aliniangalia kwa macho makubwa, yale ya njano. "Mwaka ujao ni wa nani, Mama?"

Nilikwenda jikoni nikawasha jiko ambalo halikuwa na kazi.

Agosti ikafika. Tulijadiliana sana kama Marion aje Kesses au abaki. Mwisho Oketch alisema hawezi kumfungia mtoto nje ya makambi mara nyingine. Tulikodi chumba kimoja cha mwanafunzi, chenye dirisha linalofunga vizuri, tukaleta jiko la gesi, chupa za maji moto, masweta, soksi za sufi. Alikuwa anakuja kwenye mahubiri mchana tu, jua likiwa limetoka, amefungwa blanketi mpaka shingoni. Juma zima hakuumwa. Nilimshukuru Mungu kila asubuhi nikimgusa paji la uso.

Alasiri ya Sabato tulishuka wote kwenye kijito. Mvua ilikuwa imenyesha Ijumaa na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mchungaji Joash alisimama katikati, maji kiunoni. Oketch alisimama majini karibu na ukingo, yeye na mzee mwingine, kazi yao kushika mikono ya wanaobatizwa wasiteleze. Meno yake nilikuwa nayaona yakigongana. Nilimweka Marion kwenye kiti mahali penye jua, nikamfunga vizuri. Akaniambia anataka chai. Nikaenda kwenye gari la mchungaji kuchukua chupa.

Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri, na juu yake masweta mawili na soksi.

Nikatupa macho kwenye mstari wa wanaobatizwa, wote na majoho ya buluu, na nikamwona, mwembamba kuliko wote, mguu mtupu, amemshika Joyline mkono. Joyline ndiye alimletea joho. Kumbe walikuwa wamepanga tangu Langas, hao wawili. Chupa ikaniponyoka.

"Baba Marion! Mshike! Mshike huyo mtoto!"

Watu walikuwa wanaimba kwa nguvu, lakini alinisikia, kwa sababu aligeuka. Marion alikuwa ameshafika ukingoni, mbele yake. Nilianza kukimbia, gumboti zikinasa kwenye matope, wanawake wakiniuliza kuna nini. Nikasema moyoni, sasa huyu mtu asiyeshawishika atamrudisha. Kwa mara moja katika maisha yangu nilishukuru kwa ule ugumu wake.

Wimbo ulikuwa umefifia. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Rudi, mama," Oketch akamwambia. Humwita hivyo, mama, kwa sababu Marion alirithi jina la mama yake Oketch.

"Baba, nishike mkono tu nisianguke."

"Maji ni baridi sana. Mimi mwenyewe siyawezi."

"Najua. Nishike."

Mchungaji Joash alikuwa anamwangalia Oketch, hajui afanye nini. Kila mtu alikuwa anamwangalia. Bwana yangu alifunga macho, kisha akanyoosha mkono, akamshusha mtoto wangu ndani ya yale maji. Nilipiga kelele. Nilisikia akisema, "Mchungaji, haraka. Haraka sana, tafadhali."

Mchungaji hakurefusha maneno. Alimzamisha, akamwinua. Na Marion alitoka ndani ya maji akiwa anacheka. Si tabasamu. Ni kicheko kabisa, mdomo wazi, maji yakimtoka puani, na kanisa zima likaanza kuimba tena kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Joyline alikuwa anaruka ruka ukingoni. Oketch alimbeba mikononi kama mtoto mchanga, akapanda ule ukingo mbio, akateleza, akainuka, akanipa. Tulimvua, tukamfuta, tukamfunga kila kitu tulichokuwa nacho. Alikuwa anatetemeka na bado anacheka. "Mathe, uliona? Nilikuwa wa tatu. Katikati kabisa ya mstari!"

"Nyamaza, meza dawa," nikamwambia, na machozi yalikuwa yananitoka.

Mchungaji alipomaliza mstari tuliondoka naye kwa gari lake, na hata hatujatoka barabara ya vumbi, kicheko kikaisha. Alisema mgongo. Halafu akasema miguu. Tulipokaribia mjini alikuwa amenishika shingoni kwa nguvu na hawezi kuvuta pumzi vizuri. Nilimgeukia Oketch hapo hapo, mbele ya mchungaji, nikamwambia amemuua mtoto wangu. Nikamwambia Februari alishindwa kuubonyeza ule mtandao kwa sababu ya Sabato, na leo, Sabato hiyo hiyo, amemtia kwenye maji ya barafu kwa mkono wake. Nikamuuliza ni Mungu gani huyo anayemtumikia, mwenye masharti magumu namna hiyo. Alikuwa ameshika miguu ya Marion, anaisugua.

Hospitalini walimpokea mara moja, wanamjua. Walimwekea oksijeni, wakamwekea dripu, wakaagiza damu. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, lakini hakutudanganya. Alisema ni kifua, na kifua ndicho kilichokuwa kinawatia wasiwasi tangu mwanzo. Alisema tukae karibu, tuombe damu ifike, na asubuhi watajua zaidi. Wakatutoa nje kwenye benchi la baraza.

Oketch alikuwa bado na nguo zake za majini. Alikuwa anatiririka maji kwenye sakafu, na mama wa usafi alipita akaangalia, akaacha. Alisimama, akapapasa mfuko wa koti lake kavu lililokuwa begani mwangu, akatoa simu. Ilikuwa imezimwa tangu Ijumaa. Akaiwasha. Nilidhani anampigia kaka yake Kisumu, amwambie watu waombe. Kumpigia mtu kwa sababu ya mgonjwa ni sawa, hata Sabato.

Akaweka sauti ya nje, kama alivyozoea.

"Mzee Oketch," sauti ya Jebet ikasema, na nyuma yake muziki wa ile kampuni, na watu wanapiga kelele majini. "Nilikuambia, Mzee. Hakuna aliyeghairi."

"Si ya mwaka huu. Nataka Agosti ya mwaka ujao. Niandikie nafasi."

Nilimwangalia. Dirishani mwa baraza jua lilikuwa bado juu ya paa la wodi, limebaki mkono mzima kabla ya kutua. Aliliona. Alikuwa analiangalia lilivyo, akiendelea kuongea.

"Mzee, unajua tunafungua Februari."

"Februari ni mbali sana, mama. Niandikie leo. Nitalipa sasa hivi, unitajie tu pa kutuma."

"Lakini kanisa lenu..."

"Si la kanisa. Ni hema moja. Ni la mtoto kuogelea. Ameshabatizwa."

Ule muziki ukaendelea. Ndani ya wodi nilisikia Marion akilia kwa ile sauti ya kuisha. Nikainuka nikamshikia Oketch simu.

"Jina la mgeni?" Jebet akauliza.

Akamtajia la Marion, herufi moja moja.